Gari linakata kwenye matuta kisha linarudi lenyewe: nianzie wapi?

*Fundi, habari ya kazi. Nina Land Rover Series III ya petroli ya mwaka 1978. Niliinunua ikiwa gofu, na kwa karibu miaka miwili nimekuwa nikiifufua nyumbani Kasarani. Chesisi tuliisafisha tukaipaka rangi, bodi pia. Tangu irudi barabarani ina mambo matatu. Ikipita tuta au shimo, injini inakata, na mara nyingi inarudi kabla gari halijasimama. Nikiwasha indiketa ya kulia usiku, taa nyekundu ya nyuma nayo inapepesa. Halafu geji ya petroli na ya joto la maji huruka juu kwa pamoja, kisha zinashuka. Mafundi watatu wameiangalia. Wa kwanza alibadilisha oltaneta, wa pili akaweka fyuzi kubwa zaidi, wa tatu akasema haoni kasoro kwa sababu gari halikuzima mbele yake. Je, ning'oe nyaya zote niweke mpya?*

Ndugu yangu, usizing'oe. Bado. Nyaya hizo zimekaa mahali pake zaidi ya miaka 40. Ukizitoa zote kwa hasira utaondoa hitilafu tatu unazozijua na kuingiza nyingine usizozijua. Mawili kati ya mambo yako matatu nayashuku tayari hata kabla sijaliona gari, kwanza kwa sababu umeyaeleza vizuri, na pili kwa sababu kuna jambo umelitaja ukalipita haraka: rangi. Nitalirudia.

Kabla ya yote, toa ile fyuzi kubwa leo, kabla hujawasha gari tena. Fyuzi huwekwa ili ikatike kabla waya haujawaka. Series III ina fyuzi chache, hazizidi nne, na za asili ni za kioo, aina ya Lucas, kampuni ya Uingereza iliyotengeneza vifaa vya umeme vya magari haya. Hapo wengi hujikwaa. Fyuzi ya Lucas iliyoandikwa 35 hukatika umeme ukifika ampea 35, lakini mzigo wake wa kudumu ni ampea 17 tu. Fyuzi za kioo za mtindo wa Kimarekani huandikwa mzigo zinaoweza kuubeba mfululizo, na kwa macho zinafanana na hizo za Lucas. Kwa hiyo ukienda kwa wauza vipuri wa Kirinyaga Road ukaomba ya 35 tu bila kueleza, unaweza kurudi na fyuzi inayoruhusu umeme maradufu ya ule uliokusudiwa. Mwambie muuzaji ni ya Lucas, ama nunua ya kawaida ya ampea 15. Na fyuzi isizungushiwe karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara hata kwa safari ya kufika nyumbani. Nimesimama kando ya gari lililoteketea mpaka chesisi kwa sababu hiyo, na mwenyewe hakuwa na la kufanya ila kutazama.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Hitilafu inayokuja na kuondoka ina chanzo kimoja karibu kila mara: kuna mahali vyuma viwili vinagusana vibaya, na mguso huo unabadilika gari likitikisika, likipata joto au likilowa. Fundi wako wa tatu hakukudanganya. Aliliangalia gari likiwa limetulia, limepoa na limekauka, yaani katika hali ambayo haliugui. Kazi ya kwanza basi ni kulifanya gari liugue mbele yako. Habari ya kununua kifaa kipya ije baadaye. Wengine huhitaji kupuliza joto kwa mashine ya kukaushia nywele, au kunyunyiza maji usiku boneti ikiwa wazi ili waone cheche zinakovuja. Wewe umeshapata jibu: lako linaugua kwa tikiso. Nusu ya kazi imekwisha.

Turudi kwenye rangi. Umeme unaotoka kwenye betri lazima urudi kwenye betri. Unapokwenda unapita kwenye waya. Unaporudi, gari la zamani hutumia bodi na chesisi badala ya waya, na njia hiyo ya kurudia ndiyo mafundi tunaiita athi. Mtu akiipaka chesisi rangi nene na nzuri, kisha akafunga bolti ya athi juu ya rangi hiyo, ameiziba njia. Umeme utajipenyeza kwenye meno ya bolti, pale rangi ilipokwaruzika kidogo. Leo utapita vizuri, kesho utapita vibaya, na kwenye tuta hautapita kabisa. Katika magari yanayofufuliwa nyumbani hili ndilo kosa ninalolikuta kuliko yote, tena kwa watu waangalifu, kwa maana mtu asiyejali hapaki rangi hadi ndani ya tundu la bolti.

Land Rover ina tatizo lake la ziada. Chesisi ni ya chuma, bodi sehemu kubwa ni aluminiamu. Aluminiamu ikikutana na hewa hujifunika ngozi nyembamba isiyopitisha umeme, hata kama kwa macho inang'aa. Ikifungwa pamoja na chuma au shaba, halafu ipate unyevu, inaliwa na kutoa unga mweupe. Mvua za Machi hadi Mei na manyunyu ya Julai yanatosha kuifanya kazi hiyo bila gari kuingia mtoni. Ukifungua bolti ya taa ya nyuma ukakuta unga mweupe chini ya kichwa cha waya, umepata ulichokuwa unatafuta.

Ndiyo maana indiketa yako inaichezea taa nyekundu. Balbu ya indiketa ni ya wati 21, na jirani yake ya taa ndogo ina uzi wa wati 5. Umeme wa indiketa ukikosa athi ya kurudia, unaingia kinyumenyume kwenye uzi wa balbu jirani na kutafuta njia kupitia huko. Taa zinaazimana njia. Kuhakikisha, usifungue kitu. Chukua waya mrefu, mita tano hivi, funga ncha moja kwenye hasi ya betri, na ncha ya pili igusishe kwenye waya wa athi wa taa ya nyuma huku mtu amewasha indiketa na taa ndogo. Kupepesa kukikoma, umemaliza kutafuta. Sitakushauri ukwaruze tu na kufunga tena. Vuta waya mpya wa athi wa milimita mraba 2.5 kutoka taa zote za nyuma, ziunganishe pamoja, uzipeleke kwenye bolti moja ya chesisi. Hapo chini ya bolti kwaruza rangi mpaka chuma cheupe kionekane, funga kwa nguvu, halafu paka mafuta ya mgando juu yake ili maji yasiingie. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi moja yenye faida kubwa kuliko zote unayoweza kulifanyia Land Rover la zamani, na inakula mchana mmoja.

Ukiwa chini hapo, tafuta na ile mikanda minene ya athi. Panatakiwa pawe na njia kutoka hasi ya betri hadi chesisi, na nyingine kutoka injini au giaboksi hadi chesisi. Injini imekalia mipira, haigusani na chesisi kwa chuma. Katika kufungua na kufunga, mkanda wa injini husahaulika kwenye ndoo ya bolti. Ukikosekana, umeme mkubwa wa stata hurudi kupitia popote utakapopata, na mara nyingi ni kebo ya choki. Nimewahi kuishika kebo ya choki ikiwa imechemka kiasi cha kuunguza vidole, na mwenye gari alikuwa amekuja kulalamikia stata dhaifu.

Geji zako mbili zinazoruka pamoja zinasema jambo lile lile kwa lugha nyingine. Geji moja ikiharibika, huharibika peke yake. Mbili zikicheza pamoja, tazama kile zinachochangia, na hizi zinachangia kidude kidogo nyuma ya dashibodi kinachoshusha umeme wa betri kuwa wastani wa volti 10, ili geji zisibadilike kila injini inapopanda kasi. Kidude hicho kinahitaji athi kwenye ganda lake. Kikiikosa, hakishushi tena, kinaachia volti zote za betri ziende kwenye geji, nazo zinapanda. Skrubu yake ikiwa imelegea, kila tuta litakuletea hilo. Kaza, safisha, endelea.

Kuna kipimo kimoja ambacho ningependa kila mwenye gari la zamani akijue, kwa sababu ndicho kinachowashinda mafundi wengi wenye mita nzuri mkononi. Ukipima waya kwa omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme, mita inapitisha umeme mdogo sana. Waya wenye nyuzi 28, hata kama 27 zimekatika na umebaki mmoja, mita itakuambia sifuri, mzima kabisa. Ukiwasha taa kubwa ya wati 55, inayohitaji ampea 4 na nusu hivi, uzi huo mmoja hauna uwezo. Maungio yenye kutu ya nusu omu tu yanaiba zaidi ya volti 2 kati ya 12 zako, na taa inakuwa ya manjano. Kwa hiyo pima umeme ukiwa kazini. Tafuta volti zinazopotea njiani.

Mita ya bei nafuu ya Luthuli Avenue inatosha. Iweke kwenye volti 20 za DC. Washa taa kubwa. Ncha moja ya mita iweke kwenye nguzo yenyewe ya hasi ya betri, kwenye risasi, usiiweke kwenye kibanio kinachoishika. Ncha ya pili iweke kwenye chuma cha kishikio cha balbu. Njia ya kurudia ikiwa nzima utasoma karibu na sifuri. Ukisoma zaidi ya volti 0.2, kuna mahali panapozuia. Sasa isogeze ile ncha ya pili kuelekea betri, kituo kwa kituo: kwenye waya wa athi, kwenye bolti, kwenye bodi, kwenye chesisi. Pale namba inaposhuka ghafla, kasoro iko kati ya vituo hivyo viwili. Upande wa kwenda unapimwa hivyo hivyo, kutoka chanya ya betri hadi waya unaolisha taa. Kwa mkanda wa injini, chomoa waya mnene wa koili, kile kifaa kinachokuza umeme wa plagi, na uushikize kwenye chuma cha injini ili gari lisiwake, piga stata, upime kati ya hasi ya betri na bloku. Ukiona zaidi ya nusu volti, fungua usafishe. Huku mita imeunganishwa, gongagonga maungio kwa mpini wa bisibisi na utikise nyaya kwa mkono. Namba ikiruka, simama hapo hapo.

Tumebaki na injini kukata, na hili ndilo la kukuweka macho, kwa sababu ukikatika umeme mbele ya matatu Thika Road hakuna muda wa kufikiri. Umesema inakata na kurudi kabla gari halijasimama. Petroli ikikosekana, injini hukohoa, hudhoofika, ndipo izime. Yako inakatwa kama mtu amegusa swichi. Naamini ni umeme, lakini tusibahatishe: chukua balbu ndogo ya dashibodi, waya mmoja uunge upande wa chanya wa koili, ule wenye waya mweupe, ukiwa na kifyuzi cha ampea 1 au 2 njiani. Waya wa pili uunge kwenye athi nzuri. Ipitishe balbu hadi unapoweza kuiona ukiwa umeketi, halafu mpe mtu usukani, upite matuta ya mtaani polepole ukiikodolea macho.

Injini ikikata na balbu ikazima, umeme haufiki kwenye koili. Fuata nyuma: waya mweupe unatoka kwenye swichi ya ufunguo, na swichi hulishwa na waya wa kahawia kutoka upande wa stata na betri. Kwenye mfumo huu wa rangi za Kiingereza, kahawia una umeme wakati wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni, na kwa kawaida hauna fyuzi yoyote. Usiushike bila kufungua betri, na ufungue hasi kwanza, ili spana ikigusa bodi isitoe moto. Kwenye Series III swichi iko kwenye nguzo ya usukani, na fungu zito la funguo za nyumba, za geti na za kufuli huvuta pipa lake kila gari linaporuka. Jaribio lake ni dogo: injini ikinguruma uani, utikise ufunguo bila kuuzungusha. Ikikata, umemkamata.

Injini ikikata na balbu ikabaki imewaka, umeme umefika kwenye koili na tatizo liko mbele yake. Hapo nitakusimulia pikapu ya mfanyabiashara wa mboga iliyoletwa gerejini kwangu ikiwa na koili mpya, kondensa mpya, plagi mpya na pampu mpya ya petroli. Ilikuwa ikikata kila dereva anapoachia mafuta, wakati mwingine kwenye tuta. Nilikaa nayo siku tatu. Mwisho nilifungua kifuniko cha distribyuta, kinachogawa umeme kwa plagi, nikaushika kwa vidole ule waya mfupi unaokwenda kwenye pointi, yaani swichi ndogo inayokata na kuunga umeme wa koili. Ukavutika kama mpira. Shaba ndani ilikuwa imekatika, limebaki ganda la plastiki likizishikilia ncha mbili. Bamba linaloshika pointi huzunguka kidogo kila mvuto wa injini unapobadilika, na miaka yote hiyo lilikuwa likiukunja waya ule mahali pamoja. Siku hizi huwa naanza nao. Uvute kwa upole kila waya unaoshuku: wenye shaba nzima hukataa, uliokatika ndani hunyooka. Pia tazama kawaya kadogo ka athi kanakounganisha bamba hilo na mwili wa distribyuta. Watu hukaacha nje wakidhani hakana kazi.

Baada ya hapo nenda kwenye maungio ya risasi, yale ya vichwa vya mviringo vinavyoingia kwenye vimirija, mengi yako mbele karibu na rejeta. Chomoa moja, safisha kwa msasa laini, bana kimirija kidogo kwa koleo, rudisha, ndipo uende kwa jingine. Ukichomoa kumi kwa pamoja, jioni itakukuta na nyaya usizojua zinakokwenda.

Kuhusu namna ya kuunga waya nina msimamo mkali. Kusokota shaba mbili na kuzungushia tepu nyeusi si kuunga. Gundi ya tepu huyeyuka kwa joto la injini, tepu inafunguka, na hiyo ndiyo hitilafu yako ya mwaka ujao. Kulehemu kwa risasi kunapendeza, lakini risasi hupanda ndani ya nyuzi na kuufanya waya mgumu, kisha unakatika pale ugumu unapoishia, kwa sababu gari halitulii. Tumia vichwa vya kubana kwa koleo lake maalumu, ukimaliza uvivute kwa nguvu, halafu uvalishe mpira unaosinyaa kwa joto. Waya wa nyumba, ule wenye shaba moja ngumu, usiuweke kwenye gari kabisa. Na unaponunua waya wa gari, kwaruza uzi mmoja kwa wembe mbele ya muuzaji. Ukiona weupe chini ya wekundu, ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Mrudishie.

Oltaneta yako ya zamani usiitupe. Injini ikiwaka na taa zimezimwa, pima volti kwenye betri. Ukipata kati ya 13.8 na 14.4, iliyopo inachaji. Ukishatengeneza athi, rudisha ile ya kwanza upime vivyo hivyo. Sitashangaa ukiwa na mbili nzima.

Sasa swali lako. Nyaya zote hubadilishwa lini? Chagua waya mmoja karibu na injini na mwingine ulio mbali na joto, tuseme chini ya dashibodi. Menya sentimita 3 za ganda. Shaba ikiwa nyekundu au ya kahawia iliyofifia, waya una maisha. Ikiwa nyeusi, menya mbele zaidi. Weusi ukiendelea, na ganda likipasuka ukilikunja, tawi hilo limekwisha na unafaa kulibadilisha. Nasema tawi. Mara nyingi la upande wa injini na la taa za mbele ndiyo hufa, na la dashibodi linabaki salama. Uking'oa la mbele, tumia nafasi hiyo kuweka rilei mbili, yaani swichi zinazoendeshwa na umeme, zenye fyuzi zake kwa taa kubwa, maana kwa mpangilio wa kiwandani umeme wote wa taa hizo hupita ndani ya swichi ya usukani na kuichosha.

Fanya tawi moja kwa wakati, kwa rangi zile zile, kahawia kwa kahawia na nyeupe kwa nyeupe, na uendeshe gari juma zima kabla ya kugusa la pili. Nyaya ulizotoa uzifunge pamoja, uziandike zilikotoka, uziweke stoo hadi mvua ndefu zipite. Zile za Machi zitakuonyesha kama kuna bolti uliyosahau.